Boga Letu, Nazi ya Mbali

Hapa Bugeshi kuna chakula kinacholeta ubishi kabla hakijaiva. Ni supu ya boga, nzito na laini kama uji wa mtoto, ina tangawizi, mchaichai na pilipili, haina maziwa, haina siagi, haina nyama. Vijana waliiona kwenye simu ikiitwa supu ya Kithai, yaani ya nchi ya Thailand, wakaomba tuijaribu kwenye kikundi chetu cha Jumamosi. Wazazi waliposikia, wakajibu mambo mawili. Wengine walisema: "Boga ni chakula cha njaa. Munakimbia njaa, halafu munairudia kwa jina la kigeni?" Wengine walisema: "Hicho si chakula chetu."

Ukiangalia vizuri, majibu hayo mawili hayakai pamoja. Kama boga ndilo lililotulisha wakati wa shida, basi tunalijua kuliko mtu yeyote. Na kama tunalijua hivyo, linakuwaje si letu? Swali hilo limenifanya nitafute historia ya kila kitu kinachoingia kwenye ile sufuria. Nimesoma vitabu, nimeuliza wamama, nimeuliza wazee waliotoka Masisi na Rutshuru. Nimekuta kwamba neno "chetu" lina hesabu ndefu, na kwa watu kama sisi hesabu hiyo si ya jikoni peke yake.

Kwanza tupike

Historia bila chakula inachosha, kwa hiyo nianze na sufuria. Kwa watu sita tunatumia boga la kilo moja na nusu hivi, lile la ndani ya rangi ya chungwa kali, kitunguu kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole, mabua mawili au matatu ya mchaichai, pilipili moja na ndimu moja. Kinachoifanya iwe nzito ni tui la nazi, kikombe kimoja na nusu. Lakini nazi hapa kwetu inatoka mbali na bei yake ni ya sikukuu. Kwa siku za kawaida tunaweka unga wa karanga zilizokaangwa, vijiko vitano vya supu vilivyojaa.

Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo kwenye babula, moto usiwe mkali. Weka saumu na tangawizi iliyopondwa, koroga mpaka harufu itoke. Weka boga lililomenywa na kukatwa vipande, kisha maji lita moja na chumvi. Mchaichai upondeponde kwa kitako cha kisu, ufunge fundo, utupe ndani mzima mzima, utautoa mwishoni. Dakika ishirini na tano zinatosha, boga linakuwa limelainika. Hapo wenye blenda wanasaga. Sisi tunaponda na mwiko, halafu tunapitisha kwenye chujio.

Unga wa karanga usiumwage moja kwa moja kwenye supu ya moto, utafanya mabonge. Ukoroge kwanza na maji ya baridi kwenye bakuli, ndipo umimine, uache ichemke polepole kama robo saa mpaka uone mafuta ya karanga yamepanda juu. Kama ni tui, ni kinyume: weka mwishoni, na usiache ichemke kwa nguvu maana tui litakatika. Ndimu inakuja baada ya kuipua. Ukiiweka mapema inapoteza harufu na kubaki uchungu.

Supu ni hiyo. Sasa tuangalie kila kitu kilifikaje hapa.

Boga na kibuyu

Boga tunaloita letu, ambalo kwa Kinyarwanda ni igihaza, asili yake ni bara la Amerika. Kusini mwa Mexico, kwenye pango moja la mkoa wa Oaxaca, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mbegu za boga lililokuwa limeshalimwa na watu karibu miaka 10,000 iliyopita. Aina nyingine, zile kubwa kubwa, zilianzia Amerika ya Kusini. Kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, hakuna bibi yeyote wa Afrika aliyekuwa amepika boga la namna hii.

Afrika ilikuwa na kitu kingine cha ukoo huo huo: kibuyu. Mmea wa kibuyu ni wa Afrika kwa asili. Hapa Rwanda kibuyu kikubwa kinaitwa igisabo, ndicho wamama walichotumia kusukia maziwa ili kupata siagi. Na cha ajabu, kibuyu kilifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya meli za Wazungu. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 unaonyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vilitokana na vya Afrika, na inaelekea vilielea vyenyewe juu ya maji ya Atlantiki mpaka vikatupwa ufukweni vikaota. Kwa hiyo kibuyu chetu kilienda kwao bila kupelekwa na mtu, na maelfu ya miaka baadaye boga lao likaja kwetu ndani ya meli. Nyumba ya bibi yangu kule Masisi, kwa vile mama alivyonielezea, ilikuwa na vyote viwili: igisabo kimesimama pembeni, maboga yamepangwa chini ya kitanda.

Kuna kitu kingine nilichokiona baada ya kusoma habari za Mexico. Wakulima wa kule tangu zamani wanapanda mimea mitatu pamoja: mahindi, maharagi na boga. Mhindi unakuwa mti wa kupandia, haragi linarutubisha udongo, boga linatambaa chini na majani yake mapana yanafunika ardhi ili isikauke na magugu yasiote. Sasa mtu yeyote aliyelima Masisi, Rutshuru au hapa Bugeshi ameshaona shamba kama hilo. Maboga yetu yanapandwa ukingoni mwa shamba au katikati ya mahindi na maharagi. Mimea yote hiyo mitatu ni ya Amerika. Ilifika kwa njia tofauti na kwa miaka tofauti, lakini mikono ya wakulima wetu ikairudisha pamoja, kwa sababu walitazama kinachoota vizuri pamoja na kinacholisha nyumba.

Basi anayesema boga si la asili yetu anasema kweli. Tatizo ni kwamba akiendelea na ukweli huo, inabidi aondoe mahindi, maharagi, viazi vitamu, muhogo pamoja na sombe yake, nyanya, karanga na pilipili. Vyote vimetoka ng'ambo ya Atlantiki. Ndizi na mateke vimetoka Asia. Atakaobaki nao ni mtama, ulezi, kunde, njugu mawe na vichache vingine. Ni vyakula vizuri, lakini sijamuona mzee anayekula hivyo tu.

Pilipili iliyochukua jina la mwenzake

Sasa twende Thailand, maana jina la supu linatupeleka huko. Zamani nchi hiyo iliitwa Siam na mji wake mkuu ulikuwa Ayutthaya. Mwaka 1511 Wareno waliteka Malacca, bandari kubwa ya biashara, na mwaka huo huo wakatuma mjumbe kwa mfalme wa Ayutthaya. Katika biashara ya karne hiyo ndipo pilipili kali ya Amerika ilipoingia katika nchi za upande ule. Yaani chakula cha Kithai ambacho leo dunia nzima inakisifu kwa ukali wake, kabla ya hapo kilikuwa hakiijui pilipili hii. Ukali wao ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi.

Angalia walivyofanya na majina. Kwa Kithai pilipili kali inaitwa phrik, basi. Ile pilipili manga ya zamani, iliyokuwa na jina hilo kwanza, ikabidi iitwe phrik thai, yaani pilipili ya Kithai. Mgeni alichukua jina, mwenyeji akaongezewa la pili ili wasichanganywe.

Kiswahili kilifanya jambo hilo hilo. Neno pilipili lilitoka Uajemi na Uarabuni, na huko lilitoka India, na mwanzo lilikuwa la zile punje nyeusi. Ilipokuja pilipili ya Amerika, ikalichukua jina lote. Leo ukimtuma mtoto sokoni Gisenyi kununua pilipili, hatakuletea zile punje. Zile inabidi uziseme kwa jina refu, pilipili manga, yaani pilipili ya Manga, Uarabuni. Watu wawili waliokaa mbali kabisa, hawajawahi kuongea, lakini mgeni yule yule aliwaingilia jikoni kwa namna ile ile.

Boga nalo Wathai walilipa jina: fak thong, na maana yake ni kama mung'unye wa dhahabu. Wao pia walikuwa na jamii ya mung'unye ya zamani, wakalitazama hili jipya, wakaona rangi, wakaliita kwa walichokuwa wanakijua. Hawakukaa kusubiri waambiwe kama wana haki. Walilipika na tui la nazi, mara nyingine likawa mchuzi mkali, mara nyingine likawa kitu kitamu cha baada ya chakula.

Kitu kimoja tu vijana walikuwa hawakijui. Chumvi ya chakula cha Kithai mara nyingi ni mchuzi wa samaki waliochachushwa. Supu isiyo na kitu cha mnyama inauacha huo mchuzi, inatumia chumvi ya kawaida na ndimu. Kwa hiyo hata huko kwenyewe supu hii ni chakula kilichobadilishwa ili kifuate mahitaji ya anayekula.

Nazi ilibaki pwani

Tukija kwenye nazi, hatuna haja ya kwenda Thailand kutafuta mwalimu. Pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Kilwa, boga la nazi ni chakula cha nyumbani kabisa. Mwezi wa Ramadhani watu wanafuturu kwa vyakula vya namna hiyo: muhogo, viazi vitamu, ndizi au boga, vyote vimepikwa kwa tui. Mpishi anakaa juu ya mbuzi, kile kiti chenye ulimi wa chuma, anakuna nazi, anatia maji, anakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza ni zito, linawekwa pembeni kwa ajili ya mwisho. Tui la pili jepesi ndilo linalochemshia. Huyo mama wa Tanga hajamuomba Mthai ruhusa, na Mthai hajamuomba yeye.

Kwa nini pande hizi mbili za bahari zikapika kwa namna moja? Kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa barabara. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina makundi mawili makubwa, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na kwamba Madagaska na sehemu za karibu makundi hayo yamechanganyika. Wanasayansi wanaunganisha jambo hilo na mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, wale wale waliokwenda kukaa Madagaska na lugha yao. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita pwani ya Afrika ya Mashariki. Kule Mogadishu aliandika kwamba alikula wali kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, limau za kachumbari, tangawizi mbichi na maembe. Boga letu halimo, pilipili yetu haimo. Bado zilikuwa Amerika.

Kutoka pwani kuja huku kwetu watu walikuja, hilo linajulikana. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Unguja ilifika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema. Tippu Tip aliweka nguvu zake Kasongo. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na njia yao ilikuwa ya damu. Kiswahili ninachoandikia makala hii kilipandia njia hiyo, baadaye kikaendelea kwa askari, wafanyakazi na masoko ya wakati wa Wabelgiji, mpaka kikawa lugha ya wamama wa Goma. Lugha ilipanda milima. Nazi ilibaki chini.

Sababu yake ni hali ya hewa tu. Mnazi unataka joto na nchi ya chini. Uso wa Ziwa Kivu peke yake uko mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka ziwani mpaka Bugeshi ni kupanda tu kuelekea volkano, huku Karisimbi yenye mita 4,507 ikitupulizia baridi. Hapa unaota viazi, pareto na maharagi ya kupanda juu ya miti. Kwa hiyo mpishi wa huku aliyetaka mchuzi mzito bila maziwa alitumia kilichokuwepo, karanga. Ndivyo sombe inavyopikwa, ndivyo lengalenga inavyopikwa. Karanga nayo ni ya Amerika ya Kusini, Wareno waliileta Afrika ya Magharibi, ikasambaa. Ilikuta Waafrika tayari wana njugu mawe, jamii yake ya Kiafrika inayozaa chini ya udongo vile vile. Walijua kuilima kabla hawajaiona.

Ndiyo maana nasema supu yetu ya boga na karanga si supu ya Kithai iliyokosa nazi. Inasimama yenyewe.

Bila maziwa, kwa kupenda au kwa kukosa

Wazazi waliosema "chakula cha njaa" wana hoja ya pili ambayo siwezi kuipita haraka. Sisi ni watu wa maziwa. Masisi ni malisho, Gishwati ni malisho, Bigogwe ni malisho. Jibini ya Masisi inajulikana mpaka Kinshasa. Mgeni akija nyumbani anapewa maziwa, na ng'ombe ndiye anayeunganisha koo wakati wa ndoa. Kwa mtu aliyeacha ng'ombe nyuma, au aliyewaona wakipigwa risasi, kuambiwa kuwa kula bila maziwa ni mtindo mzuri wa kisasa kunaweza kuwa kama kumcheka.

Neno vegani lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, watu waliochagua kutokula wala kutumia kitu chochote cha mnyama. Kuchagua ni neno muhimu hapo. Mwaka huo huo wa 1944 Rwanda ilikuwa bado ndani ya Ruzagayura, njaa kubwa ya 1943 na 1944, ukame pamoja na ugonjwa ulioharibu viazi. Watu walikosa vya shambani na vya zizini pia. Kabla ya hapo, mwaka 1916 mpaka 1918, upande huu huu wa kaskazini magharibi ulikuwa umepigwa na njaa ya Rumanura, wakati wa vita vya Wazungu. Wabelgiji walilazimisha kila mtu mzima kulima muhogo na viazi vitamu kama akiba ya njaa. Kwa hiyo wazee wanaposikia mazao fulani wanasikia na fimbo ndani yake.

Lakini si kila asiyekula nyama alikosa. Wasabato wa mkoa huu wamefundisha muda mrefu faida ya kula mimea, na chuo kikuu chao kilifunguliwa Mudende, jirani yetu hapa, mwaka 1984. Wakristo wa Ethiopia wanafunga siku nyingi za mwaka bila nyama wala maziwa, na wamejenga mapishi makubwa ya dengu na shiro kwa ajili ya siku hizo. Chakula hicho hicho kinaweza kuwa aibu kwa mmoja na heshima kwa mwingine, kutegemea ni nani aliyeamua.

Hapo ndipo mimi kama mtu wa vijana napaona pazito. Nimezaliwa kambini. Miaka ya nyuma kambi zetu zilipewa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi, umepimiwa, umepewa. Kuanzia 2014 msaada ulianza kugeuzwa kuwa pesa, kambi moja baada ya nyingine, na mama akaweza kwenda sokoni kuchagua mwenyewe. Halafu mwaka 2021 msaada ukapunguzwa sana kwa kukosa fedha za wahisani, na kuchagua kukawa kudogo tena. Kijana anayekata boga kwa sababu ameona supu anaitaka, anaiweka pilipili kwa kiasi chake na kuipa jina, anafanya kitu ambacho mama yake kwa miaka mingi hakuruhusiwa kufanya. Kwa macho ni boga lile lile, lakini aliyeamua siku hii ni yeye.

Tarehe 1 Agosti 1885

Nirudi kwenye neno "chetu". Wengi tunaosoma kijarida hiki tunajua sheria moja ya mwaka 1981 kule Zaire. Mwaka 1972 nchi ilikuwa imesema kwamba watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wanakaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950 ni raia. Mwaka 1981 ikabadilisha: raia ni yule ambaye kabila lake lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Familia zilizoletwa Masisi na Wabelgiji wenyewe kati ya 1937 na 1955, kulima na kufanya kazi, zikajikuta nje. Na kumbuka mpaka wenyewe wa huku ulikubaliwa na Wazungu mwaka 1910, wakiwa Brussels. Sheria ya 2004 ilijaribu kurekebisha, lakini watu wengi walikuwa wameshakufa au wameshakimbia. Waliokimbilia Mudende, hapa jirani, walishambuliwa ndani ya kambi mara mbili mwaka 1997, mwezi wa nane na mwezi wa kumi na mbili, ndipo waliobaki wakapelekwa Gihembe.

Sasa chukua tarehe hiyo ya 1885 uiweke juu ya meza ya chakula ya Goma. Birayi vitaondoka: viliingia na Wajerumani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na hata jina lake la Kinyarwanda, ibirayi, linafanana na Uburayi, yaani Ulaya. Sambaza wataondoka: waliwekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kutoka Ziwa Tanganyika. Jibini ya Masisi itaondoka, ilianza na mapadri wa Kibelgiji. Hata kuni za mikaratusi zilizo chini ya sufuria zitaondoka, mti huo ni wa Australia. Hakuna anayesema birayi vya Kibumba, vinavyoshuka kwenda Goma juu ya chukudu, ni vya kigeni. Vimelishwa na udongo, vimelisha watu, imetosha.

Najua binadamu si kiazi. Kiazi hakihitaji shule, hakipigi kura, hakigombanii shamba la jirani. Ugomvi wa Masisi ulikuwa pia wa ardhi, na wenyeji waliokuta mashamba yao yamegawiwa na mkoloni walikuwa na uchungu wa haki. Sisemi kwamba supu inamaliza hayo. Ninachosema ni kwamba tarehe haiwezi kuwa kipimo peke yake. Tukiitumia kwa vyakula, tunabaki na sufuria karibu tupu. Kwa watu, tumeshaona ilituacha na nini.

Na sisi wenyewe tuna kosa kama hilo kwa watoto wetu. Tunawaambia "hicho si chakula chetu" kama wale waliotuambia "hii si nchi yenu". Mtoto aliyezaliwa Kiziba kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 sasa anakaribia miaka 30. Amekula mahindi ya msaada, viazi vya Karongi, biskuti za duka, na simu imemuonyesha supu ya Thailand. Ukimwambia vya asili ni vile vya Masisi tu, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, unamwachia meza gani?

Njia nzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya wakulima walioliona boga kwa mara ya kwanza. Walilijaribu, wakalipa jina, wakaona linakaa vizuri na nini, wakahifadhi mbegu. Ukipika supu hii, usitupe mbegu. Zioshe, zianike kwenye ungo siku mbili tatu, nusu uzikaange na chumvi uzinyunyize juu ya bakuli, nusu uziweke kwa msimu wa mvua. Muulize mama au bibi boga lilipikwaje kwao, na uandike, maana wapo wachache wanaokumbuka. Wengine wataliweka na maharagi, wengine watalichemsha na maganda yake, na mwingine atakuambia hataki kulisikia. Andika na huyo, na sababu yake.

Kuhusu jina, vijana wa Jumamosi bado wanabishana. Upande mmoja unataka iendelee kuitwa supu ya Kithai kwa sababu ina mchaichai na pilipili. Upande wa pili unasema ikishawekwa karanga ni ya Bugeshi. Mimi sijaamua. Sufuria ya wiki iliyopita iliisha kabla ubishi haujaisha, na mmoja wa wazee waliosema ni chakula cha njaa alituma mtoto na bakuli.